Marejesho

Mpaini nauelewa.
Unaupanda ukiwa na kimo cha kijiko,
unapalilia, unafyeka, unasafisha njia ya kuzuia moto,
na mwaka wa kumi na tano msumeno unakusomea
kiangazi kipi kilikuwa kikali na kilipita lini.
Umejiandika wenyewe, duara ndani ya duara.

Hela yangu iliyoko serikalini
haina duara.

Tulikadiriwa kodi mwaka wa mbao nyingi.
Awamu nne, tukalipa nne, hatukuchelewa hata siku moja,
maana Lukelo alikuwa mtu wa risiti:
alizipanga kwenye kopo la maziwa ya unga
akalifunga kwa mpira wa baiskeli.
Kisha moto ukapanda kutoka bondeni,
ekari kumi na moja zikawa mkaa usiouzika,
na hesabu za mwisho wa mwaka zikaonyesha
tumelipia faida ambayo haikuzaliwa.
"Mtarudishiwa," wakasema.
Lukelo akapiga hesabu ya mabati nyuma ya kalenda.
Februari kifua kikambana, hakukiacha.
Kalenda ikabaki ukutani.

Mimi nikaanza kwenda.

Machi: "Inashughulikiwa."
Neno refu. Nililibeba hadi nyumbani kama gogo bichi.
Aprili: "Iko kwenye uhakiki."
Mei: "Mtandao uko chini, mama,"
nami, Mungu anisamehe, nikachungulia chini ya meza.
Fundi wa msumeno akanidai mara ya tatu.
Jirani yangu Semeni akasema cha serikali
huingia kwa lango la ng'ombe
na kutoka kwa tundu la sindano.

Juni, baridi ya Mafinga ikinitafuna magoti,
ukungu umelala barabarani, hauswagiki,
nikaenda na sweta mbili na hasira moja.

Dirishani kijana mgeni, Ambakisye.
"Kamwene," akaniamkia,
salamu ya kwetu kwa ulimi wa Tukuyu,
na hasira ikapoteza mguu mmoja.
Nikamwuliza lile lile: lini?
Hakunijibu. Alikigeuza kioo cha kompyuta kikanitazama,
jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia,
akanionyesha kwa ncha ya kalamu:
siku dai lilipopokelewa,
siku lilipohakikiwa,
siku mkubwa wao aliposaini.
Kumbe duara zilikuwepo.
Tarehe tisa Mei, imelipwa.
Tarehe kumi na mbili, imerudi.

"Ilishafika, mama. Ikarudi."

Ilikwenda kwenye akaunti ya Lukelo Kihwele
iliyofungwa wiki ile ya matanga.
Ikapiga hodi, hodi, hodi,
hapakuwa na wa kuitikia karibu,
ikageuza njia kama mgeni mwenye adabu.

Nami najua kwa nini.
Fomu ya kubadili jina nilipewa tangu Machi.
Ilikuwa ndani ya kopo, chini ya risiti zake,
nimeikunja mara nne, ndogo kama kidonge.
Kila mwezi nilipanga foleni kuuliza lini
na jibu nimelifungia mwenyewe kwa mpira wa baiskeli,
kwa sababu palikuwa na nafasi, baada ya jina lake,
ya kuandika neno moja
kwa mkono wangu.

Ambakisye akanipa kalamu iliyofungwa kamba dirishani.
Kamba fupi. Ilibidi niiname.
Sikuona haraka machoni mwake.
Niliandika: marehemu.
Ile *h* ilinitoka vibaya, ikasimama kama kiti kilichovunjika,
akasema inasomeka.

"Hesabu siku arobaini na tano za kazi.
Jumamosi na Jumapili usizitie."
"Na sikukuu?"
"Nazo usizitie."

Nyumbani sikuibandua kalenda ya mabati.
Nimetundika mpya juu yake, msumari ule ule,
na leo Ijumaa nimeizungushia duara.

Kesho haihesabiwi.
Kesho nitalala.